Kabla ya kumkutanisha Mchawi na Nita, kubalianeni uwanja

Umeme ulikatika jioni ya likizo, bando lilikuwa limeisha, na kati ya simu zetu mbili moja ilikuwa na asilimia nne za chaji. Tulikaa barazani mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, tukapiga soga za gemu kwa kuwa kucheza hatukuweza. Ndipo akaniuliza: "Kaka, hivi yule Mchawi wa Clash Royale akikutana na Nita wa Brawl Stars, nani anabaki?"

Nikajibu Nita, anayeita dubu, bila kufikiri. Yeye akasema Mchawi, anayeita viunzi vya mifupa. Tulibishana mpaka shangazi akatutaka tupunguze sauti, majirani wamelala. Tangu siku ile nina daftari la mapambano ya namna hii, na humo ndani wamo mashujaa wa aina moja tu: wale wasiopigana peke yao, wanaoita jeshi. Kama na wewe unapenda ubishi huu, nina mambo kadhaa ya kukuambia, maana mengine yaliniharibia usiku mzima na moja nusura linikosanishe na rafiki.

Anza kwa kuziweka kando tarakimu za damu, yaani uhai wa shujaa. Kosa langu la mwanzo lilikuwa hilo. Nilifungua ukurasa wa dubu wa Nita, nikasoma maelfu ya damu aliyonayo, nikamwekea binamu mezani kana kwamba kesi imekwisha. Lakini kila gemu lina mizani yake. Elfu moja ya Tanzania si elfu moja ya Kenya, ingawa zote mbili zinaitwa shilingi na zote mbili zimeandikwa sifuri tatu. Hata hizi gemu mbili zimetoka nyumba moja, kampuni ya Supercell ya Ufini. Clash Royale ilitoka Machi 2016, Brawl Stars Desemba 2018, na bado damu ya huku huwezi kuipima kwa kibaba cha kule. Isitoshe, watengenezaji hubadilisha tarakimu hizo kila wanapoleta sasisho, kwa hiyo ushindi uliojengwa juu yake unaweza kuanguka wiki ijayo.

Hesabu mapigo badala ya damu. Kile kiunzi cha mifupa anachokiita Mchawi huanguka kwa pigo moja la karibu kila kitu kilicho levo moja nacho. Gogo, kadi ya eliksa mbili (eliksa ndiyo unayolipia kadi), likipita, kundi zima limelala. Dubu wa Nita ni kinyume chake: hupigwa, hupigwa tena, na bado anakuja. Sasa una kitu unachoweza kukivusha mpaka: jeshi la wengi wanaokufa kwa pigo moja dhidi ya mmoja anayevumilia mapigo mengi. Hapo mnabishana mkielewana.

Jambo la pili tulichelewa sana kuliona. Mchawi hana mkono unaomwongoza. Ukishalipa eliksa zako tano na kumweka uwanjani, umemalizana naye. Anatembea mwenyewe kuelekea mnara, akikutana na adui anampiga. Nita ana kidole gumba cha mtu juu yake kila sekunde. Anarudi nyuma, anajificha kichakani, na asipopigana wala kupigwa kwa muda mfupi damu yake inarudi yenyewe, wakati askari wa Clash Royale akipungua damu kwa kawaida hairudi mpaka mtu amtibu. Ukiwakutanisha hivi hivi, hushindanishi Nita na Mchawi. Unamshindanisha mchezaji na kadi. Sisi tulikubaliana kuwaondolea wote mkono: kila mmoja aende kama gemu lenyewe lingempeleka, na vichaka vifyekwe. Wengine wanapenda kuwapa wote mkono. Sawa pia, ila semeni mapema, kwa sababu nusu ya ugomvi nilioushuhudia ulikuwa wa watu wawili wanaotazama viwanja viwili tofauti.

Ulizeni vilevile nani anaanza na nini. Mchawi akitua tu, viunzi vimeshamzunguka. Nita anaanza mikono mitupu. Dubu haji mpaka supa, yaani uwezo wake mkubwa, ijae, na supa hujazwa kwa kumpiga adui.

Sasa lile swali ninalolipenda kuliko yote, ambalo nadhani ndilo moyo wa mashujaa hawa: mwitaji akifa, jeshi lake linafanya nini? Nita akianguka, dubu wake anabaki akipigana. Mchawi akianguka, viunzi alivyokwisha kuviita vinaendelea na safari. Mchawi wa Usiku, yule wa eliksa nne anayeita popo, kifo chake chenyewe kinatoa popo. Na Zhask wa gemu jingine, Mobile Legends, akiuawa, anaacha kiumbe mahali alipoangukia, kinaendelea kushambulia. Kwa mpiganaji wa upanga kifo ni mwisho wa habari. Kwa hawa, kifo ni zamu ya jeshi. Nikifika hapa humkumbuka Fumo Liyongo wa hadithi zetu za pwani, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, akafa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, na watu wakaogopa kusogea kuteka maji wakidhani yu hai. Aliyekufa bado alikuwa amekilinda kisima.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema mshindi ni yule ambaye mwili wake umebaki umesimama. Kama Nita amelala na Mchawi amelala, na dubu peke yake ndiye anayezunguka uwanjani, Nita ameshinda. Kuita jeshi ndiyo kazi yake. Kumnyima ushindi kwa kuwa jeshi ndilo lililoimaliza ni sawa na kumwambia mvuvi samaki si wake, ni wa nyavu. Binamu yangu hakubali mpaka leo, anaandika sare. Kwenye daftari tumeacha safu mbili.

Nilisema kuna jambo nusura linikosanishe na rafiki. Yeye ni mchezaji wa Zhask, kila siku. Mimi nilikuwa nimemwona Zhask kwenye video tu, nikatangaza mbele ya vijana wa maskani kwamba ni dhaifu, kiumbe chake kimekaa mahali pamoja kama nguzo, mtu akipita pembeni yake basi. Alikasirika, na alikuwa na haki. Nikashusha gemu, nikamcheza Zhask mwezi mzima. Kumbe kile kiumbe hakikuwekwa pale kumfukuza mtu. Kimewekwa pale ili adui asipite: unakipanda kwenye njia nyembamba au karibu na kitu anachokitaka, halafu yeye ndiye anayelazimika kuja kwako. Na Zhask akiungana nacho kwa uwezo wake mkuu, mwenye kumdharau anajuta. Nilikwenda kumwomba radhi mbele ya wale wale vijana. Kwa hiyo nakusihi: shujaa ambaye hujamcheza kwa mikono yako, usimtolee hukumu. Muulize anayemcheza, kaa kimya, sikiliza.

Summoners War, gemu la Com2uS ya Korea Kusini la mwaka 2014, niliacha kuliingiza humu, japo jina lake ndilo lingestahili kuongoza orodha. Kule mnapigana kwa zamu, mwenye kasi zaidi huanza, na mwitaji ni wewe mchezaji. Majini na mazimwi ndio walio uwanjani. Washindanisheni wenyewe kwa wenyewe.

Tukarudi kwa Mchawi na Nita, safari hii na kanuni zetu mkononi. Tuliwaweka mbali kwanza. Mchawi anatanguliza viunzi, Nita anapiga wimbi lake. Hapa ndipo nilipomwonyesha binamu kitu ambacho hatukukiona usiku wa giza: wimbi la Nita halimkomei wa kwanza, linapenya na kumpata kila aliye kwenye mstari wake. Ukuta wa mifupa kwake si ukuta. Tena kila anayepigwa anamjazia supa, kwa hiyo kadiri Mchawi anavyoita ndivyo anavyomlisha dubu. Dubu akitoka, kweli viunzi vinamzonga, maana anapiga kwa makucha mmoja mmoja. Lakini wakati vinamshughulikia yeye, wimbi linapita katikati na kumfikia mama yao. Kwa mbali, Nita.

Tukawaweka karibu. Mchawi akitua ubavuni mwa Nita, viunzi vinamzunguka pande zote, na wimbi linakwenda upande mmoja tu. Risasi zake ni tatu, kisha asubiri zijae. Mchawi naye ana mapigo yanayotawanyika. Supa haijajaa na Nita ameshalala. Kwa karibu, Mchawi, na binamu yangu alisimama barazani kushangilia kana kwamba mechi imechezwa kweli.

Wiki hii tuna Jessie wa Brawl Stars dhidi ya Popol na Kupa wa Mobile Legends. Mimi nipo upande wa Jessie, kwa sababu risasi yake ikimpiga mmoja inaruka kwa aliye karibu, na Popol haendi popote bila mbwa mwitu wake Kupa. Binamu anasema nimesahau mtego wa Popol, kwamba Jessie akiukanyaga tu, Kupa ameshafika na bunduki ya kusimika ya Jessie bado haijatoka mfukoni. Hajakosea kuhusu mtego. Bado hatujakubaliana wanaanza umbali gani.