Barua kwa mwanangu: China na India, nani atakuwa mbele?

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelipata na nimekaa nalo siku kadhaa. Umeuliza kama ni kweli India itaipita China kiuchumi, maana unasema kila unakopita mtandaoni unakuta watu wanasema China imeshazeeka na inaporomoka, India ndo ina vijana kwahiyo karne hii ni ya India. Ukasema nisikujibu mistari miwili, nikueleze vizuri. Haya.

Jibu langu ni hapana, kwa miaka yote utakayokuwa kazini sioni India ikiipita China kwa ukubwa wa uchumi. Ila nataka uelewe kwanini, kwasababu sababu yenyewe ni muhimu kuliko hilo jibu.

Kwanza shika namba, watu wengi wanabishana bila namba. Mwaka 2024 uchumi wa China ulikuwa dola trilioni 18 na ushee, wa India haujafika trilioni 4. Ni karibu mara 5. Sasa mtu akisikia India inakua asilimia 6 na nusu kwa mwaka na China imeshuka iko kwenye 5 anaona aah mbona karibu tu. Chukua kikokotoo upige mwenyewe, India iende na hiyo 6.5 kila mwaka bila kuteleza hata mara moja, China uishushe mpaka 4, bado inachukua zaidi ya miaka 65 kufikiana. Ishushe China mpaka 3, kama miaka 48. Afu kuna jambo watu hawalioni kabisa, 5 ya China ni nyongeza ya zaidi ya dola bilioni 800 kwa mwaka mmoja, 6.5 ya India ni kama bilioni 250, yaani ukihesabu kwa dola pengo bado linapanuka kila mwaka japo ukihesabu kwa asilimia India ndo anakimbia zaidi. Kuna hesabu nyingine ile ya kuangalia pesa inanunua nini ndani ya nchi, kwa hesabu hiyo pengo linakuwa dogo, mara 2 na kidogo, lakini hata hapo China iko juu.

Sasa kitu ambacho vijana wa rika lako hawakiamini ukiwaambia: mwaka 1990 Mhindi wa kawaida alikuwa na kipato kikubwa kidogo kuliko Mchina wa kawaida, kwa dola. Leo Mchina yuko kwenye dola kama 13,000 kwa mwaka, Mhindi hajafika 3,000. Hilo limetokea ndani ya kizazi kimoja tu. Ndo maana mimi siangalii sana nani anakimbia mwaka huu, naangalia nini kilitokea pale.

Wengi watakwambia China ilitangulia kufungua milango. Ni kweli, kiongozi wao Deng Xiaoping alianza mageuzi mwaka 1978, mji wa Shenzhen ukafanywa eneo maalum la uchumi 1980, na mwisho wa 2001 wakaingia Shirika la Biashara Duniani, viwanda vya dunia nzima vikahamia kule. India ilisubiri mpaka ikabanwa, mwaka 1991 akiba ya fedha za kigeni ilibaki ya wiki chache tu za kulipia bidhaa za nje, serikali ikasafirisha dhahabu kwenda London kuweka rehani ili ipate mkopo, na hapo ndipo waziri mkuu Narasimha Rao na waziri wake wa fedha Manmohan Singh wakaanza kuvunja ule mfumo wa vibali ambao mwenye kiwanda alikuwa hawezi hata kuongeza uzalishaji mpaka serikali imkubalie. Kwahiyo ndio, China ilitangulia miaka 13.

Lakini miaka 13 haielezi pengo la mara 5 mwanangu. Angalia nani aliingia kwenye hivyo viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 80 karibu theluthi mbili ya Wachina watu wazima walikuwa wanajua kusoma, India ilikuwa kama 4 kati ya 10. Mchina alikuwa anatarajiwa kuishi karibu miaka 10 zaidi ya Mhindi. Hayo yalikuwepo kabla kiwanda cha kwanza cha mgeni hakijajengwa Shenzhen. Na sikwambii Mao, aliyeitawala China kabla ya Deng, alikuwa mwema, njaa ya 1959 mpaka 1961 iliua mamilioni ya watu na ilitokana na sera zake, hilo lisifutwe na takwimu yoyote. Nasema tu kwamba soko lilipofunguliwa lilikuta mabinti wa vijijini wanaojua kusoma maelekezo ya mashine, wakapanda mabasi na treni wakaenda Guangdong, mkoa wenye huo mji wa Shenzhen, kwa mamilioni, wakashona wakaunganisha redio na simu, wakatuma pesa nyumbani. Wale mabinti ndo waliojenga China ya leo, kuliko kiongozi yeyote unayemwona kwenye picha.

India haikuwa na hilo. India ilianzia juu, ikajenga vyuo vizuri sana vya uhandisi, ikatoa watu wanaoongoza makampuni makubwa duniani, Bengaluru ikawa mji wa kompyuta, huku mtoto wa kijijini kwenye jimbo la Bihar akiachwa na shule ambayo mwalimu haonekani. Huduma za kompyuta zinaleta pesa nyingi za kigeni ila zinaajiri watu milioni kadhaa tu, na nchi ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Ndo hapo roho inaniuma kila nikisoma habari za India, kwasababu akili ipo, tena nyingi mno, imeachwa tu.

Hilo la vijana sasa. Ni kweli India iliipita China kwa idadi ya watu mwaka 2023, na nusu ya Wahindi wana umri chini ya miaka 29 hivi, China nusu wako chini ya 40. Lakini kijana asiye na kazi hajengi uchumi. Mwaka 2018 shirika la reli la India lilitangaza nafasi kama 90,000 wakaomba watu zaidi ya milioni 20. Milioni 20! Mwanzoni mwa 2022 vijana wa majimbo ya Bihar na Uttar Pradesh waliingia mitaani kwa hasira ya usaili wa reli hiyo hiyo, mpaka mabehewa yakachomwa. Bado karibu wafanyakazi 4 au 5 kati ya 10 wako kwenye kilimo ambacho kinatoa chini ya moja ya tano ya pato la taifa. Waziri mkuu Modi alizindua mpango wa viwanda mwaka 2014 akitaka viwanda vifike robo ya uchumi, mpaka leo havijafika hata asilimia 20. Na wanawake, China wanawake 6 kati ya 10 wako kwenye nguvu kazi, India ni wachache zaidi kwa mbali, na wengi wanaohesabiwa wako shambani kwa familia bila mshahara. Nchi inayoacha nusu ya watu wake nje ya kazi ya mshahara inakimbia kwa mguu mmoja.

Usidhani nasema China haina shida, zipo na ni nzito. Idadi ya watu ilianza kupungua 2022, na watoto waliozaliwa 2023 walikuwa milioni 9 tu, nusu ya waliozaliwa 2016. Ile sera ya mtoto mmoja waliishikilia miaka 35, wataalamu wao wenyewe wakawa wanaonya na haikuachwa mpaka muda umeshapita, sasa wanaruhusu watoto watatu na watu hawazai. Biashara ya nyumba ndo iliyokuwa inabeba karibu robo ya uchumi wao na imeanguka, kampuni ya Evergrande ilikuwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 300 ikashindwa kulipa, Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Familia zilizoweka akiba yote kwenye apatimenti ambayo haijaisha, hebu fikiria. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini ulifika asilimia 21.3, afu serikali ikasimamisha kutoa hiyo takwimu kwa miezi kadhaa, kitu ambacho mimi nakichukia, kwasababu tatizo usilolipima huwezi kulitibu.

Hata hivyo hao wanaosema imeporomoka waangalie kinachotoka viwandani. Karibu theluthi moja ya uzalishaji wa viwanda duniani ni China, India ni kama asilimia 3. Paneli za sola, zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji wake uko China. Treni za mwendo kasi wana zaidi ya kilomita 45,000, India ya kwanza kati ya Mumbai na Ahmedabad bado inajengwa tangu jiwe la msingi liwekwe 2017. Shida kubwa ya China ni kwamba wanazalisha kuliko wanavyotumia, watu wa kawaida wanaweka akiba kwa woga wa matibabu na uzee, matumizi ya kaya ni kama asilimia 40 tu ya uchumi, kwahiyo lazima wauzie nje na nje wameanza kuweka ushuru. Wakikubali kuwapa wananchi wao pensheni na hifadhi ya kueleweka watakaa vizuri hata wakizeeka. Sioni dalili kwamba viongozi wao wanalipenda hilo.

Na India ina vitu vyake ambavyo navipenda kweli. Mfumo wa malipo ya simu wa UPI ulioanza 2016, leo muuza mboga na benki kubwa wanatumia njia ile ile, miamala ni mabilioni kila mwezi. Barabara na umeme vimebadilika sana. iPhone zinaunganishwa jimbo la Tamil Nadu, na ukiangalia picha za viwanda vile karibu na Chennai waliojaa ni mabinti, hiyo ndo picha iliyonipa matumaini kuliko hotuba zote. Na serikali inaweza kuambiwa hapana, wakulima walikaa nje ya Delhi zaidi ya mwaka mzima mpaka sheria za kilimo zikafutwa 2021.

Kuhusu uhasama wao, usiamini sana kelele. Juni 2020 walipigana mpakani kwao, bonde la Galwan, askari 20 wa India wakafa, TikTok ikafungiwa India mwezi huo huo. Lakini biashara haikusimama, India inanunua China bidhaa za zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka, malighafi za dawa, vifaa vya simu, mashine za viwandani. India haiwezi kujenga viwanda vyake haraka bila mashine za hasimu wake.

Kwahiyo wakikuuliza tena usibishane nani mkubwa. Waulize wanawake wangapi wa Bihar na Uttar Pradesh wana kazi ya mshahara, maana Tamil Nadu imeshaonyesha inawezekana, ila Bihar na Uttar Pradesh peke yake zina watu zaidi ya milioni 350. Sensa ya mwisho ya India ni ya 2011, ile ya 2021 iliahirishwa na sasa wamepanga 2027, kwahiyo namba nyingi tunazotumia sasa ni makadirio. Zikitoka mpya nitumie na wewe unavyoziona, tuziangalie jimbo kwa jimbo.

Mzazi wako akupendaye