Maswali ya Wasomaji: Bamvua Uwanjani San Marco

SWALI: Mimi na mume wangu tunakwenda Italia mwezi Novemba kumtazama binti yetu, na tutapata siku moja ya kuzunguka Venice. Watu wanatutisha kuwa uwanja wa San Marco hujaa maji. Tubebe gambuti? Na buibui langu, nitaruhusiwa nalo katika kanisa la San Marco?
Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Mama, mtu wa Tanga hili atalielewa upesi. Ni bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Tofauti ni kwamba bahari ya Adriatic, ndiyo bahari ya Venice, haina kujaa na kupwa kukubwa kama kwetu. Pale kinachoharibu mambo ni sirocco, upepo wa kusini-mashariki unaoyasukuma maji kuelekea kaskazini. Upepo huo ukikutana na bamvua, uwanja hufurika, na miezi yake hasa ni Oktoba hadi Januari. Usitazamie mawimbi kama ya Raskazone: maji huchomoza chini, kwenye matundu ya mifereji, kwa saa chache tu, kisha hupwa.

Utaambiwa kwamba tangu Oktoba 2020 kuna MOSE, yaani malango 78 ya chuma yanayoinuliwa kuzuia bahari, kwa hiyo usijali. Jali kidogo. Kwa kawaida malango huinuliwa maji yakitabiriwa kufika sentimita 110, na uwanja, ambao ni sehemu ya chini kabisa ya mji, huanza kulowa kwenye 80 hivi. Ukisoma utabiri wa manispaa, toa 80: tangazo la 100 ni kama sentimita 20 miguuni, si kiunoni. (Novemba 2019, kabla ya malango, yalifika 187.)

Gambuti usibebe, zitakula kilo za mzigo bure. Siku ya maji zinauzwa papo hapo. Ile mifuko ya plastiki ya kuvalia juu ya viatu hutoboka haraka. Manispaa hutandika majukwaa ya kupitia. Ni membamba, basi msisimame katikati kupiga picha.

Buibui halina shida hata kidogo. Wanaozuiwa mlangoni ni walioacha mabega na magoti wazi, na wenye mabegi makubwa ya mgongoni. Tiketi ya kanisa kateni mtandaoni mapema, foleni ni ndefu. Mkiwa ndani pandeni juu mkaone farasi wanne wa shaba walioletwa kutoka Constantinople (Istanbul ya leo) baada ya mji huo kutekwa 1204. Walio nje ni nakala.

Kutoka stesheni ya treni pandeni boti namba 1, ni ya polepole lakini hupita Mfereji Mkuu wote. Gusisheni tiketi kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Kulisha njiwa kumepigwa marufuku, na kukaa chini uwanjani kunatozwa faini pia. Na kahawa ya mezani penye muziki, muziki nao hulipiwa. Ulizeni bei kabla ya kuketi.