Shokapu za nyuma za pikipiki ya Honda CG kuukuu: usikaze kwanza, pima kwanza

Mtu akiona honda yake inagonga kwenye matuta cha mwanzo anachokwambia ni "nikazie shokapu", na mimi jibu langu lile lile, ngoja kwanza yakhe. Nnayo CG125 ya zamani, ile ya shokapu mbili nyuma, ndo naendea mjini Chake huku Pemba na msimu wa karafuu ndo inayobeba magunia, kwa hivo haya nnayoandika nimeyapata kwa kuchafua mikono.

Kitu wengi hawakijui, na mafundi wengine pia hawakijui, ni kuwa ile pete yenye ngazi iliyokaa mwisho wa springi haiifanyi springi kuwa ngumu. Springi ni ile ile, waya ule ule. Ukiizungusha pete unaibana springi kidogo kabla haijapata mzigo, basi pikipiki inanyanyuka nyuma na inapata nafasi zaidi ya kwenda chini kabla haijagonga. Kazi yake ni kimo tu. Ndo mana mtu anaweka ngazi ya mwisho akidhani kapata honda ngumu, halafu akipanda peke yake bila mzigo inamrusha, kwa sababu tairi halina tena nafasi ya kushuka kwenye shimo, springi ishanyooka yote, nyuma inaruka tu.

Kinachotuliza springi ni mafuta yalomo ndani ya shokapu, na kwenye pikipiki za umri huu mara nyingi hapo ndo penye tatizo. Jaribu hivi: isimamishe honda chini, ishike nyuma ya siti, ikandamize kwa nguvu halafu iachie. Ikipanda na kutulia, sawa. Ikicheza juu chini juu chini basi mafuta yashakwisha au sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, imekufa, na hapo zungusha pete mpaka kesho hutopata kitu. Tazama na ile fimbo ya ndani, ukiona imelowa mafuta yalogandana na vumbi jibu umeshalipata. Huku kwetu chumvi ndo adui mkubwa, mtu anaipitisha honda ufukweni, anabeba samaki maji ya chumvi yanachuruzika nyuma, fimbo inaota kutu kidogo tu na ile kutu inaikwangua sili kila shokapu inapopanda na kushuka. Maji baridi ya kisima kila ukirudi pwani, haina gharama hiyo.

Kingine cha kutazama kabla ya spana ni bushi, vile vibomba vya ndani ya maungio. Weka stendi kubwa, shika tairi la nyuma lisukume kushoto kulia. Likicheza, tazama panapocheza, kama ni bearing za tairi au bushi za ule mkono unaoshika tairi, mana pikipiki inayoyumba kwenye kona mara nyingi inasingiziwa shokapu bure. Na upepo wa tairi jamani, tairi likiwa gumu kama jiwe hakuna shokapu itakayokusaidia.

Haya sasa, kama vyote hivo vizima, tupime. Ipige stendi kubwa tairi la nyuma liwe hewani, pima kutoka nati ya ekseli mpaka alama moja kwenye fremu juu yake, tia chaki ili usipoteze pahala. Andika. Halafu ishushe, panda wewe ukae kama unavokaa safarini, miguu kwenye futresti, mtu akushikie mbele, mwengine apime tena pale pale. Tofauti ya vipimo viwili ndo vile pikipiki ilivokaa chini kwa uzito wako, na inatakiwa iwe baina ya robo na thuluthi ya nafasi yote ya tairi kupanda. Tuseme nafasi ni milimita 80, basi unatafuta 20 mpaka 27 hivi. Ikizidi, pandisha pete ngazi moja, pima tena. Ikipungua, shusha pete.

Ukimaliza shuka wewe, iache honda peke yake uipime. Lazima ikae chini kidogo hata bila mtu. Ikiwa haikai kabisa na wewe ukipanda ndo vipimo vinakuja sawa, ujue springi imechoka au ni laini kwa uzito wako, umeifidia kwa kuibana tu. Hapo dawa ni springi nyengine.

Kuzungusha pete fanya tairi likiwa hewani, inakuwa nyepesi. Kama imeganda kwa kutu isugue kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kulegeza, iache ilale mpaka asubuhi. Ile spana yenye mdomo wa ndoana ndo yake, nyundo na patasi zinavunja meno ya pete. Kushoto na kulia ziwe ngazi moja, hili halina mjadala.

Mimi kawaida naweka ngazi ya pili, siku ya gunia au nikimpakia mama watoto napandisha mpaka ya nne, nikirudi nashusha. Kazi ya dakika chache lakini watu wanaona uvivu. Ukibadilisha kimo angalia na cheni, ipime ukiwa umekaa juu na mzigo wako, kwa sababu mkono wa nyuma ukipanda cheni inakaza, ilokuwa sawa kwenye stendi inaweza kuwa imevutika kama uzi ukishapakia. Na taa ya mbele pia, nyuma ikikaa chini taa inawamulika watu machoni usiku.

Zile mbinu za kuchomeka vipande vya mpira wa tairi baina ya springi sizipendi, zinaua mizunguko mingine ya springi na pikipiki inakuwa upande mmoja mgumu upande mmoja laini. Shokapu ikifa nunua, na ununue mbili kwa pamoja, uzipime tundu kwa tundu na zile za zamani kabla hujatoka dukani, mana za modeli nyengine zinafanana kwa macho lakini zimezidi urefu, ukizifunga stendi ya pembeni inakuwa fupi na honda inaanguka yenyewe ulipoiegesha.