Maswali na Majibu: Mia kwa Mia ya Watoto Wangapi?

Shikamoo, Mwalimu. Kijijini kwetu zipo shule mbili za msingi za serikali. Moja imefaulisha asilimia 100 darasa la saba, nyingine asilimia 71. Nimhamishie mwanangu ile ya kwanza? (Mzazi, Newala)

Marahaba. Kabla hujafuata barua ya uhamisho, nenda kwa mwalimu wa taaluma wa kila shule umuulize mambo mawili: waliofanya mtihani walikuwa wangapi, na walioandikishwa darasa la kwanza pamoja nao walikuwa wangapi. Tuseme shule ya kwanza iliandikisha watoto 52, wakafika chumba cha mtihani 19, wote wakafaulu. Ya pili iliandikisha 150, wakafika 135, wakafaulu 96. Hiyo ya pili, ambayo watu wanaicheka, imefaulisha watoto 64 katika kila 100 ilioanza nao, ilhali ya kwanza haikufikisha hata 37. Wapo waliohama na waliokariri darasa, na haki ni kuwatenga katika hesabu hiyo. Lakini mwalimu mkuu asiyeweza kukueleza waliobaki wamekwenda wapi, asilimia zake zisikutoe kijasho.

Kumbuka pia kwamba mtihani una masomo sita, kila somo alama 50, na anayepata jumla ya 121 kati ya 300 ana daraja C, naye huhesabiwa amefaulu sawasawa na mwenye 260. Uliza wastani wa shule, si asilimia peke yake.

Baraza la Mitihani litatangaza lini shule kumi bora za Mtwara? (Msomaji, Masasi)

Swali hili nimelijibu mara nyingi hata sasa linanichosha. Baraza liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora tangu Januari 2023, na mimi sikusikitika.

Mwanangu amekaririshwa darasa la nne, ilhali mtihani wa shule wa Juni alikuwa wa sita kwa darasa zima. Walimu wamemwonea? (Mama wa watoto wanne, Tandahimba)

Dada yangu, kabla ya kuwatuhumu walimu omba uonyeshwe mahudhurio yake ya Septemba na Oktoba. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, wakati korosho ndiyo kwanza zinaanza kudondoka, na mtoto wa darasa la saba hata hivyo analindwa, kwa sababu shule nzima inamtazama yeye. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne huja mwishoni mwa Oktoba, mabibo yametapakaa chini ya mikorosho na kila mkono wa nyumbani unahitajika shambani. Mtoto wa miaka kumi anaokota asubuhi, anabandua korosho kwenye bibo, anaingia darasani saa nne akiwa na vidole vyenye utomvu, siku nyingine haingii kabisa. Wa sita wa Juni huyo huyo anakuwa wa hamsini wa Oktoba, na hakuna aliyemwonea isipokuwa kalenda na sisi wazazi tuliojua tarehe zote mbili.

Nakuonya na jambo ambalo hukuuliza: mnunuzi wa kangomba, yaani wa korosho za magendo, anayempimia mtoto korosho kwa bakuli njiani na kumwekea noti mkononi anamfundisha somo ambalo mwalimu hawezi kushindana nalo. Mtoto akishazoea kushika fedha yake, kumrudisha kwenye dawati ni kazi ya miaka.

Tunaambiwa kila siku kwamba unyago unawaangusha wasichana. Mbona darasa la saba shuleni kwetu wasichana ni 61 na wavulana 38? (Mjumbe wa kamati ya shule, Lindi)

Ahsante kwa kuhesabu, maana wajumbe wengi hawahesabu. Hali hiyo si yenu peke yenu: kitaifa nako wasichana wanaofanya mtihani wa darasa la saba ni wengi kuliko wavulana. Unyago una lawama yake, hasa pale sherehe za likizo zinapomchelewesha mwali wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, lakini umekuwa kichaka cha kufichia mengine. Mvulana wenu yuko pwani anavuta nyavu, yuko kwenye mashamba ya chumvi, au amepakizwa nyuma ya bodaboda ajifunze kazi. Msichana akiacha shule kinaitwa kikao. Mvulana akiacha tunasema anajitafutia.

Elimu ni bila ada. Kwa nini tunaombwa mchango wa uji? (Mzazi, Nachingwea)

Kwa sababu ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 tu ndizo hutumwa shuleni. Zigawanye kwa siku 194 za masomo uone kama shilingi 31 zinanunua hata kitumbua. Changia. Na wewe mwalimu mkuu unayesoma hapa, mtoto ambaye mzazi wake hajachanga hafukuzwi.

Binti aliyejifungua anaweza kurudi darasani? (Bibi, Kilwa)

Anaweza, tangu tamko la serikali la Novemba 2021. Mpeleke mwenyewe, bibi.

Ofisini kuna madaftari ya zamani ya mahudhurio, mchwa wameyaanza. Naweza kuyachoma? (Mwalimu mkuu, Ruangwa)

Usithubutu. Yakung'ute, yaweke kabati la chuma, kwa kuwa humo ndimo walimo watoto wasioonekana kwenye asilimia yako. Mwaka niliostaafu nilifungua daftari moja la namna hiyo katika shule niliyofundisha. Jina la kumi na nne, mtoto wa kike, alikuwepo kila siku kuanzia Januari hadi Mei, Julai alihudhuria siku mbili, kisha mstari umepigwa kwa rula juu ya jina lake na pembeni mwalimu wa darasa ameandika "amehama". Barua ya uhamisho haikuwepo kwenye faili, na nyumba ya wazazi wake ilikuwa inaonekana kutoka dirisha la ofisi.