Siku tuliyotembea mpaka Kwihara kusubiri kondoo azae

Swali lenu la wiki mmeuliza ni siku gani ya familia ambayo haikula hela nyingi lakini mpaka leo nyumbani mnaizungumzia. Kwangu ni Jumamosi moja ya Desemba mwaka jana, shule zimefungwa, mvua imeshika vizuri hapa Tabora, tukaamka tukatembea kwa miguu na familia ya rafiki yangu mpaka Kwihara kwa baba mdogo wa mume wangu, tukiwa tumesikia kondoo wake wameanza kuzaa. Hela iliyotoka ni ya sukari kilo mbili, majani ya chai, sabuni ya mche na unga wa maandazi, basi.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mi na baba watoto na watatu wetu, rafiki yangu na mumewe na wanne wao, alafu rafiki yangu huyo alikuwa na mimba ya miezi mitano lakini akasema hatabaki nyumbani peke yake, atatembea pole pole na kurudi atapanda bodaboda. Tukatoka mtaani kwetu Ng'ambo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijakaza. Kutoka mjini mpaka Kwihara ni kama kilomita sita saba hivi, bodaboda inakufikisha dakika ishirini, sisi tulitumia karibu masaa matatu kwa sababu njia nzima ni kusimama. Wamesimama kwenye uyoga, wamesimama kwenye dimbwi, wamesimama chini ya mwembe wa watu wanaokota maembe mpaka mwenyewe akatoka, ikabidi watoto wapige magoti wamsalimie, akacheka akawaongezea mengine kwenye mfuko.

Yule mkubwa wangu wa miaka kumi na tatu akaanza kulalamika miguu kabla hata hatujafika nusu. Baba yake ndo akaanza kumwambia habari za wapagazi, Wanyamwezi wa zamani waliokuwa wanabeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka Bagamoyo, miezi miwili mitatu barabarani na mzigo begani, na kwamba miembe mingi ya mji huu inahusiana na njia hizo za misafara. Alafu Kwihara kwenyewe kuna lile tembe (nyumba ya zamani ya udongo) alilokaa Livingstone, yule mzungu mpelelezi, mwaka 1872, alikuja na Stanley, mwandishi wa habari, wakitokea Ujiji, Stanley akatangulia pwani, yeye akabaki hapo miezi kadhaa mpaka Agosti akisubiri watu wa kwenda naye. Mwaka uliofuata akafia huko ambako saivi ni Zambia, na watumishi wake kina Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili kwa miguu mpaka pwani, wakapita hapa hapa Unyanyembe, yaani eneo letu hili la Tabora. Mtoto akanyamaza kidogo akauliza, "Kwa hiyo baba walimbeba mfu njia hii?" Mguu haukumuuma tena mpaka tunafika. Kwenye tembe hatukuingia siku hiyo, tulikuwa tunawahi kondoo.

Babu (watoto wote wanamwita hivyo, hata wa rafiki yangu) alitupokea kwa mwangaluka, salamu ya asubuhi ya huku kwetu, na vikombe vya uji, akatukalisha, alafu kabla hatujasogelea zizi akamwita rafiki yangu pembeni. Akamwambia kwa upole sana, "Mwanangu, wewe na hilo tumbo usiingie zizini, wala usishike mtoto wa kondoo, wala nguo iliyoloa huko." Mi nilidhani ni mambo ya miiko lakini akaeleza kwamba bwana mifugo ndo aliwafundisha, kuna vijidudu vinavyofanya kondoo atoe mimba na hivyo hivyo vinaweza kumwingia mama mjamzito vikamdhuru yeye au mtoto, na vinakaa sana kwenye yale maji ya uzazi na kondo la nyuma. Naiandika hii kwa makusudi maana huku kwetu wamama wengi wanafuga na wanasaidia mifugo kuzaa wakiwa na mimba zao na hakuna aliyewaambia. Rafiki yangu akakaa chini ya mwembe na bibi wakimenya karanga, na babu akamwambia, "Wewe una miezi mitano, na kondoo miezi mitano ndo anazaa, leo mwenzako anakutangulia." Alicheka mpaka akashika tumbo.

Babu ana mbuzi wachache na kondoo kama arobaini, kondoo hawa hawa wa kienyeji wenye mkia mnene wa mafuta. Kitu nilichokipenda ni hesabu yake. Madume hawaachi wapande ovyo mwaka mzima, anawafunga kipande cha ngozi chini ya tumbo, ujanja wa Wamasai huo, wanatembea na majike malishoni lakini hawawezi kitu, alafu mwezi wa saba anawafungua. Hesabu miezi mitano, unaangukia Desemba, nyasi zimeota, mama ana cha kula na maziwa yapo. Kondoo akizaa Septemba hapa kwetu, nchi imekauka hivi, anamnyonyesha mtoto kwa mifupa yake mwenyewe, ndivyo alivyosema.

Jike lililokuwa karibu lilikuwa limejitenga kwenye kona ya zizi, kichwa cheusi mwili mweupe, kiwele kimejaa mpaka kinang'aa. Linakwaruza chini kwa kwato, linalala, linainuka, linajigeuza linanusa pale lilipolala, linalala tena. Babu akatuambia tukae mbali, tukae chini, tusipige kelele, kwa sababu akiona watu wengi wamemzonga anaweza akajizuia. Na akasema kitu kingine, mbuzi akizaa mtaa mzima unajua, anapiga makelele kama anachinjwa, lakini kondoo ananyamaza, uchungu wote ananyamaza, kwa hiyo kondoo usisubiri akuite, inabidi ukae umwangalie.

Basi tukakaa. Saa nne, saa tano, saa sita. Nawaambieni ukweli watoto wetu hawajawahi kusubiri kitu namna hiyo. Nyumbani wakisubiri chakula wanapewa simu, kwenye foleni wanapewa simu, na pale kwa babu mtandao wenyewe ulikuwa wa kuja na kuondoka. Wadogo wakachoka, wakaenda kucheza na mbwa, wakarudi, wameuliza mara ishirini "bado?", wale wakubwa wakaanza kuchora mchanga. Babu alituonyesha kwa vidole jinsi mtoto anavyotakiwa kuja, unaona kwanza kifuko cha maji, alafu kwato mbili za mbele, alafu pua imelala juu ya miguu kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Ukiona mguu mmoja tu au mkia ndo umekuja mbele, hapo kuna shida, mtaalamu aitwe.

Saa saba bibi akaita chakula. Ugali, nsansa (mboga ya majani yaliyokaushwa) ya karanga, na kuku aliyechinjwa kwa ajili yetu. Wote tukainuka isipokuwa binti yangu wa kati, ana miaka minane. Huyu mtoto wangu ana kigugumizi. Anajua kila kitu, kusoma anasoma, lakini akianza kuongea neno linakwama, na shuleni wenzake wanamalizia maneno yake au wanacheka, kwa hiyo miaka hii miwili amejifunza kukaa kimya tu. Nyumbani hata sisi, naomba Mungu anisamehe, tunamharakisha, tunamtajia neno ili aendelee, tukidhani tunamsaidia. Nikamwambia njoo ule, akatikisa kichwa. Babu akasema mwache, mjukuu wangu mchungaji yupo naye hapo, chakula hakikimbii.

Tukala. Tukaongea mambo ya bei ya mbolea na ya mahindi, wanaume wakaongeza ugali. Na katikati hapo tukamwona anakuja, anatembea taratibu kabisa maana aliambiwa asikimbie karibu na zizi, uso wake mi sijawahi kuuona hivyo, akasimama mbele yetu sote. Akasema, "Ame... ame... amezaa."

Watu wakatupa matonge! Tulipofika mtoto wa kondoo alikuwa chini ameloa, mama anamlamba puani na mgongoni kwa nguvu mpaka anayumba, na yule kijana mchungaji alikuwa anatuonyesha ishara tutulie. Tukadhani ndo imeisha tumekosa uhondo, lakini babu akamwangalia jike tumboni akasema hajamaliza. Kama nusu saa baadaye akalala tena chini, na safari hii wote tuliona, kifuko, kwato, pua, alafu kwa mkupuo mmoja mwili mzima ukateleza ukaanguka kwenye nyasi. Pacha, jike. Hakupiga kelele hata moja yule mama, babu alisema kweli.

Kitovu kikachovywa kwenye iodini aliyokuwa ameiweka kwenye kikopo. Alafu akasimamia kuhakikisha wote wawili wamenyonya dang'a, akatueleza kwamba mtoto wa kondoo anazaliwa hana kinga yoyote, kinga yake yote ipo kwenye yale maziwa mazito ya kwanza, asipoyanyonya masaa ya mwanzo mwanzo hata akiwa mnene wiki haifiki unampoteza. Kondo la nyuma hakulivuta, aliliacha litoke lenyewe. Watoto wote wakanawa kwa sabuni mara mbili kabla ya kugusa kitu kingine, na ile sabuni ya mche tuliyompelekea zawadi ikaanzia kazi hapo hapo.

Tukaondoka saa kumi. Rafiki yangu na mtoto wake mdogo wakapanda bodaboda, sisi tisa tukarudi kwa miguu. Na sasa watoto wote wana swali moja, yule wa kwanza alitokaje, maana aliyeona ni mmoja tu na yule kijana aliyebaki Kwihara. Wakamzunguka binti yangu. Akaanza. Akasema lile jike lilisimama, alafu likalala upande huu, alafu maji, alafu akafika kwenye "mi... mi... mi..." na hapo akakwama. Baba yake alishafungua mdomo amsaidie, nikambana mkono. Kijana mkubwa wa rafiki yangu, huyu ambaye siku zote ndo wa kwanza kurukia maneno ya watu, alisimama kabisa njiani anamwangalia mdomoni, wote tukasimama, watu wanane katikati ya njia na ng'ombe za watu wanatupita. "Miguu," akasema. "Mi-miguu ilikuja kwanza."

Tukaendelea kutembea. Akikwama tunasimama, akitoka tunatembea. Giza lilitukuta njiani na tulipofika Ng'ambo taa za maduka zilishawashwa, na alikuwa bado hajafika pale mtoto anaposimama.