Sebule kama ukumbi wa sanaa: punguza picha, rekebisha taa

Mkuu, umeuliza ufanyeje ili sebule yako ya Tabata ifanane na ukumbi wa maonyesho ya sanaa. Umesema una picha ndogo kumi na mbili na unafikiria kubandika karatasi ya ukutani yenye sura ya mawe. Hiyo karatasi achana nayo, na hizo picha usizitundike zote. Chagua tatu unazozipenda kweli, nyingine zifunge kwa kitambaa uweke kabatini, utakuwa unazibadilisha.

Mimi naishi na michoro na vinyago kwa miaka sasa, na ninachokiamini ni kwamba mtu husimama mbele ya picha kwa sababu ya nafasi iliyoizunguka. Siku ukienda kwenye maonyesho pale Nafasi Art Space, Mikocheni, tazama kwanza wameacha nafasi gani kati ya kazi na kazi. Nyumbani tunafanya kinyume: picha, saa ya ukutani, kalenda ya benki na maua ya plastiki, vyote ukuta mmoja. Jicho halijui liende wapi.

Ukuta upige rangi nyeupe isiyong'aa. Fundi atakushawishi uweke rangi ya silki, ile yenye mng'ao, kwa kuwa inafutika, lakini ile inarudisha mwanga na kuonyesha kila kovu la plasta.

Kwenye urefu ndipo wengi wanapokosea, wanatundika juu mno. Kumbi nyingi za sanaa huweka katikati ya picha sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Chukua futi kamba tupige hesabu ya 150. Picha ina urefu wa sentimita 80, nusu yake ni 40. Waya wa nyuma ukiuvuta juu unafika sentimita 10 chini ya ukingo wa juu. Basi skrubu inakaa 150 jumlisha 40 toa 10, yaani 180. Toboa kwa drili na uweke plagi ya skrubu, maana msumari wa zege unabomoa plasta na mwenye nyumba atakudai.

Sasa taa, na hapa usibanie hela. Tubu moja ya mwanga wa buluu katikati ya dari inaua kila kitu. Tafuta taa ndogo za kuelekeza, mwanga wa Kelvini 3000, yaani wa njano kidogo, na kwenye boksi utafute CRI, kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa usahihi, ya 90 au zaidi, ndipo rangi nyekundu itaonekana nyekundu. Mwanga uangukie picha kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka wima. Kwa dari ya mita 2.7 na picha iliyotundikwa kama nilivyosema, taa inakaa kama sentimita 70 kutoka ukutani.

Kama una picha ya Tingatinga, pembe hiyo ni ya lazima. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi, na wafuasi wake wakaendelea na rangi za aina hiyo. Ukimulika kutoka mbele utaona taa yako badala ya chui. Ukienda Oysterbay kununua, ziache zile picha za twiga na machweo zinazojirudia kila kibanda, uulize nani anachora mambo yake mwenyewe: hospitali, soko, harusi ya kijijini. Wapo, na ni wazuri sana.

Kinyago usikibane kwenye kona. Shetani wa Kimakonde, yule wa vinyago, amechongwa pande zote, jicho huku, mguu kule, na ukimzunguka anageuka kuwa kiumbe kingine. Mwambie seremala akutengenezee boksi la MDF, zile mbao za unga uliobanwa, la kama mita moja kwenda juu, lipake nyeupe, liache mahali watu wanaweza kupita nyuma yake. Pale Mwenge, kabla hujalipa, futa kinyago kwa kitambaa chenye maji: kiwi ikitoka, huenda huo si mpingo. Wa kweli ni mzito kuliko unavyotarajia. Usiuweke kwenye jua la dirishani wala mbele ya upepo wa AC, utapasuka.

Na pembeni ya kila kazi bandika kikadi kidogo: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, na imetengenezwa kwa kitu gani. Wageni wangu husoma kikadi kwanza, halafu wanarudi kuitazama picha upya, na wengine wameishia kuniomba namba ya msanii.

TV ihamishie ukuta wa pembeni. Kama haihamishiki, ukuta huo usiuwekee picha yoyote.