Je, nimruhusu mwanangu kununuliwa bunduki ya upepo, na ndege aliyeuawa nayo analiwa?

SWALI: Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni mama wa hapa Malindi, upande wa Mambrui. Mwanangu ana miaka 16, na mjomba wake aliyeko Doha amemwahidi bunduki ya upepo akija likizo. Ametuma picha tuchague. Nyumbani tuna kuku, na kunguru hawatuachii kifaranga. Shambani mahindi yanamalizwa na tumbili. Lakini kijana mwenyewe hazungumzii kunguru wala tumbili, yeye ana hamu ya kuwinda tetere. Juzi aliazima bunduki ya mwenzake akapiga wawili. Mmoja alikufa palepale, wakamchoma wakamla, wanasema walipiga bismillahi kabla ya kufyatua. Wa pili alivunjika ubawa akajiburura kichakani, wakamwacha. Je, yule waliyemla ni halali? Bunduki hii yafaa kununuliwa? Na kama yafaa, tuchague ya namna gani?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Alhamdulillahi Rabbil aalamin, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Nianze na aliyekwisha kuliwa. Yule tetere alikuwa kibudu, na bismillahi ya vijana haikumhalalisha. Katika Suratul Maida, aya ya 3, Mwenyezi Mungu ameharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa, na akabagua yule mtakayemuwahi mkamchinja. Adiyy bin Hatim, aliyekuwa mwindaji, alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya fimbo ya kurushwa yenye ncha. Akajibiwa kwamba ikipiga kwa makali yake, ale. Ikipiga kwa ubapa wake ikaua, huyo ni wa kupigwa, asile. Wamepokea Bukhari na Muslim. Ibn Umar, sahaba wa Mtume, naye alipotajiwa ndege aliyeuawa kwa kidonge cha udongo kilichorushwa alisema: huyo ndiye aliyekufa kwa kupigwa.

Wanavyuoni waliokuja baada ya kutokea baruti walihitilafiana kuhusu risasi. Wapo walioiruhusu kwa hoja kwamba inatoboa na kupenya, na Imamu Shawkani wa Yemen ni miongoni mwao. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo watu wa pwani hii wamesoma tangu mababu, kauli inayotegemewa ni kwamba risasi haina makali, inaua kwa uzito na kishindo, basi windo lake haliliwi mpaka limewahiwa hai likachinjwa. Na kama hivyo ndivyo kwa risasi ya baruti, kirisasi cha bunduki ya upepo kimo ndani zaidi ya hukumu hiyo. Ni kipande kidogo cha madini laini, kichwa chake ni cha mviringo au bapa, na msukumo wake ni hewa iliyobanwa tu. Mara nyingi ndege hufa kwa kishindo na mifupa iliyovunjika.

Kwa hiyo anayempiga ndege kwa silaha hii na akataka kumla, amkimbilie kisu mkononi. Akimkuta na uhai uliotulia, yaani anatikisika kwa nguvu zake na damu itaruka akikatwa, amchinje kwa kukata koromeo na umio, huyo ni halali. Akimkuta amekwisha, amwache. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, akisherehesha hadithi za Muslim, ametaja kwamba kuwapiga ndege wakubwa kwa vidonge kunajuzu ikiwa kwa kawaida haviwaui, bali wanawahiwa hai wakachinjwa. Amesema ndege wakubwa. Tetere si katika hao: kirisasi kikimpata kifuani hakuna cha kuwahi.

Hao vijana walikula bila kujua, na mjinga wa hukumu husamehewa anapotubu na kujifunza. Hawana kafara ya kutoa.

Ila swali lako kubwa, dada yangu, hukuliuliza kwa maneno. Umeandika tu kwamba yule wa pili alijiburura kichakani wakamwacha. Hapo ndipo nilipokaa sana nilipousoma ujumbe wako, na ndipo ninapotaka mwanao akae pia.

Ibn Umar siku moja aliwapita vijana wa Kikureshi wamemsimamisha ndege wanamlenga kwa mishale, na wamepatana na mwenye ndege kwamba kila mshale utakaokosa uwe wake. Walipomwona wakatawanyika. Akasema: nani amefanya hivi? Mwenyezi Mungu amlaani aliyefanya hivi, kwani Mtume wa Mwenyezi Mungu amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Tazama waliokuwa wakilaaniwa ni nani: vijana wa ukoo mkubwa, mchana, katika mchezo ambao wao hawakuuona kuwa na ubaya wowote. Hawakuwa na njaa wala hawakuwa wakijikinga. Walikuwa wakipima nani fundi wa kulenga, na kipimo kikawa kiumbe anayesikia maumivu.

Mwanao asipohitaji ile nyama, kwa sababu nyumbani mna kuku na baharini mna samaki, basi tetere kwake ni shabaha. Kumla baadaye hakubadili nia aliyofyatua nayo. Nasai amepokea kwamba hakuna mtu atakayemuua shomoro au kilicho kikubwa kuliko shomoro pasi na haki yake, ila Mwenyezi Mungu atamuuliza. Wakauliza: haki yake ni ipi? Mtume akasema: amchinje amle, wala asikikate kichwa chake akakitupa. Basi vipi aliyevunjwa ubawa akaachwa afe kwa kiu, au paka amkute usiku akiwa bado anatweta? Wallahi jambo hili halitakiwi kuchukuliwa kwa wepesi.

Abu Daud amepokea pia kwa Ibn Masud kwamba walikuwa safarini wakachukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akawa anapigapiga mbawa. Mtume (S.A.W.) alipofika akauliza ni nani aliyemfadhaisha huyu kwa watoto wake, mrudishieni watoto wake. Anayepiga tetere hajui kama kiotani kuna makinda yanayongoja.

Kuhusu kunguru hukumu ni nyingine. Mtume amewataja kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mwenye kushambulia kuwa ni waharibifu watano wanaouawa hata ndani ya Haram. Huyu kunguru mwenye shingo ya kijivu anayetusumbua si wa kwetu: asili yake ni Bara Hindi, na aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, akaenea pwani nzima. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja. Kumuua kwa ajili ya vifaranga vyako kunajuzu. Lakini ruhusa ya kuua haiondoi wajibu wa kuua vizuri. Shaddad bin Aws amepokea kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu: mkiua, ueni vizuri, na mkichinja, chinjeni vizuri, na mmoja wenu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Nami nakwambia kama mkazi mwenzako: bunduki haitawamaliza. Kunguru akishamtambua mwenye bunduki hamkaribii tena, atakuja ukiwa jikoni. Wafunike vifaranga kwa wavu mpaka wakomae, na matumbo ya samaki yafukiwe, yasitupwe nyuma ya nyumba. Chakula hicho ndicho kinachowaita.

Tumbili usiruhusu kabisa apigwe kwa silaha hii. Haitamuua. Itamwachia kirisasi mwilini, jeraha lioze wiki nzima, na kesho wenzake warudi kwenye mahindi. Kanuni ya fiqhi ni kwamba mwenye kudhuru anazuiwa kwa lililo jepesi kwanza: kelele, mbwa, mtu wa kulinda shamba mahindi yanapokomaa. Wakizidi, ripoti kwa KWS, kwa sababu tumbili ni mnyamapori na sheria inamlinda.

Na sheria hiyo inamgusa mwanao moja kwa moja. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda kwa michezo na hata kuwinda kwa kitoweo. Kijana atakayeonekana na bunduki kandokando ya msitu wa Arabuko Sokoke au mdomo wa Mto Sabaki, wanakotua ndege wa kutoka mabara mengine, hatapata nafasi ya kueleza kwamba alitaka tetere mmoja tu. Kutii amri ya serikali katika jambo lenye maslahi na lisilo maasi ni wajibu wetu. Ama njiwa wa mjini, wengi wana wenyewe. Akimpiga wa jirani, amemla au hakumla, atamlipa.

Sasa bunduki yenyewe. Kulenga shabaha ni katika mambo yaliyosifiwa. Mtume (S.A.W.) alipoisoma aya ya kuandaa nguvu alikariri mara tatu kwamba nguvu ni kulenga. Kwa hiyo simwambii mjomba kwamba zawadi yake ni haramu. Namwambia achague ya karatasi, asichague ya damu, na hapo uchaguzi unakuwa rahisi. Achukue ya kipenyo cha milimita 4.5, ndiyo inayotumika katika mashindano ya shabaha. Ile ya 5.5 kirisasi chake ni kizito zaidi na wanaoipendelea ni wawindaji. Iwe ya springi, ya kukunja mtutu, yenye nguvu ndogo. Zile za mtungi wa hewa ni ghali, zataka pampu yake, na nyingine nguvu zake si za kumpa kijana. Uingereza, bunduki ya upepo ambayo nguvu ya kirisasi chake hupita takriban jouli 16 (jouli ni kipimo cha nishati) huhesabiwa silaha ya kuombewa cheti kama bunduki nyingine, na hata zilizo chini ya hapo zimewahi kuua watoto. Virisasi viwe vya kichwa bapa, maana hukata karatasi tundu safi. Gololi za chuma asizitumie: zikigonga jiwe au ukuta hurudi, na Mtume alipokataza kurusha vijiwe kwa vidole alisema haviwindi windo wala haviumizi adui, ila huvunja jino na kutoboa jicho. Shabaha iwekwe mbele ya lundo la mchanga, macho yavaliwe miwani, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwani madini ya virisasi ni sumu. Mtutu usielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha. Hilo lina hadithi yake katika Bukhari na Muslim.

Kabla ya hayo yote, mjomba asiitie ndani ya sanduku la nguo akapita nayo uwanja wa ndege. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, yataka cheti kwa silaha ya mtutu yenye uwezo wa kuua. Nenda kituo cha polisi uulize kuhusu aina hiyohiyo iliyo kwenye picha, na upewe jibu kwa maandishi kabla pesa haijatoka. Wakikataa, zawadi hiyo iachwe.

Na wakikubali, rai yangu ni kwamba bunduki ikae chini ya ufunguo wako wewe, si wa kijana, na itoke akiwa na mtu mzima. Kwanza mkalishe umsomee hadithi ya Ibn Umar, kisha umuulize habari za yule wa kichakani. Akiona uzito, mwambie aombe toba: aache, ajute, aazimie kutorudia. Akicheka, mwambie mjomba asubiri mwaka mwingine.

Wallahu aalam.